Nyoka aliyesingiziwa shaba

Jua la saa tatu asubuhi limeshaanza kuuma, na Ausi Hemedy anaingiza pikipiki katikati ya shamba la ufuta la watu kana kwamba yuko kwenye lami. Nyuma yake Nesi Valentina amekumbatia boksi la barafu kama mtoto mchanga. Macho ameyafumba, midomo inasali.

"Mzee Ausi, tutafika wazima?"

"Kufika tutafika, Nesi. Uzima tutaujua tukishashuka."

Chini ya kibanda cha nyasi amelazwa Eusebio, mkulima wa huku Narung'ombe. Mguu umemvimba mpaka gotini. Alikuwa ananyanyua mganda wa ufuta uliosimamishwa ukauke, kumbe nyoka kifutu naye kajipumzisha chini yake.

Pembeni ya mgonjwa amekaa Bi Mwamina, mganga wa waliogongwa na nyoka, mfuko wa dawa mapajani. Hajagusa kitu. Anawasubiri, na kusubiri hakumpendezi.

"Mmekuja kuzika au kutibu?" anauliza. "Mtani, mimi nimekuja kwa miguu, wewe una injini. Hiyo pikipiki unaipanda au unaisukuma?"

"Mtani, wewe miguu huitumii," Ausi anajibu. "Wewe unapaa, kijiji kizima kinajua."

Ausi ni Mmwera, Bi Mwamina ni Myao, na utani wao hauna likizo. Hata Eusebio, pamoja na maumivu, anacheka na kulia kwa mpigo mmoja.

Kisha Ausi anageuka askari. "Vyuma nje!" anapaza sauti. "Bangili, sarafu, funguo, jembe, vyote nje ya kibanda!" Watu wanatii. Anayesita ni Brigita, mke wa Eusebio, aliyeshika rozari.

"Baba, hii ni rozari, siyo chuma."

"Na huo msalaba wake ni nini, muhogo?"

"Mwache mama wa watu," Nesi anaingilia. "Rozari haifiki kwenye sindano." Ausi anarudi nyuma hatua moja, lakini jicho halimtoki yule Yesu wa bati.

Nesi anavaa glavu zisizo na unga, anausafisha mkono wa Eusebio kwenye kiwiko na kuchoma sindano. Damu ya kwanza anaitenga. Inayofuata anaiingiza kwenye kichupa chenye kifuniko cha bluu iliyokolea, kisichotumika kwa kazi nyingine yoyote. Akishamaliza anamwambia Bi Mwamina, "Haya bibi, zamu yako," na bibi anapaka mizizi yake juu ya uvimbe. Wembe anao, lakini siku hizi anautembeza kwa heshima tu. Walikubaliana aache kuchanja.

Kazi yenyewe ni hii. Wataalamu wanataka kujua mtu akishaumwa na nyoka, yale madini madogo yaliyomo kwenye damu, zinki, shaba, chuma na seleniamu, yanapanda au yanashuka, na kwa kiasi gani. Wanaamini kipimo hicho kinaweza kueleza kwa nini kidonda cha mmoja kinapona na cha mwingine kinaoza. Ni vitu vidogo mno. Chembe ya kutu iliyojificha ukuchani inatosha kuidanganya mashine, na mashine yenyewe iko Dar es Salaam, kama ilivyo kila kitu kizuri cha nchi hii.

Ausi, mwenye umri wa miaka 58 na elimu ya darasa la nne, hakuingia kwenye kazi hii kwa kupenda damu wala kwa kupenda posho ya shilingi elfu kumi na tano kwa siku ya safari. Aliingia kwa sababu ya friji.

Mke wake, Zulfa, aligongwa na kifutu akiokota korosho kwao Nang'undi, kijiji kilicho pembeni ya Chinongwe. Zahanati ipo, imepakwa rangi na ina bendera. Dawa ya sumu ya nyoka haikuwepo, kwa sababu inataka ubaridi, na friji halikuwepo. Akapakiwa kwenye lori kupelekwa Nachingwea. Alifia njiani, juu ya magunia ya korosho za watu.

"Nilipokwenda kuuliza habari ya friji nikaambiwa lipo kwenye mchakato," anasema Ausi. "Mchakato ni kijiji gani? Nimezaliwa huku, sijawahi kukisikia. Na aliyenijibu alikuwa na friji ofisini kwake, la kupozea maji ya kunywa. Alinimiminia glasi moja. Yalikuwa baridi kweli."

Tangu hapo nyumbani kwake kumebaki sufuria moja, kijiko kimoja na hasira. Kwa hiyo Dk. Evarist alipokuja kutoka chuo fulani cha Dar es Salaam kutafuta mwenye pikipiki anayezijua njia za Chinongwe, Narung'ombe na Mbwemkuru, Ausi aliuliza swali moja tu: mradi ukiisha unaacha nini? Daktari akasema zikipatikana damu mia moja safi, mradi utaiachia zahanati ya Nang'undi friji la umeme wa jua, na dawa ndani yake. Ausi akaenda kujaza mafuta.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Watu walimwita mumiani. Mwanamke mmoja wa Mbwemkuru alimficha mumewe aliyevimba mkono ndani ya kihenge cha mahindi, akaapa kwamba mume kasafiri. Mume akapiga chafya.

"Kihenge chako kina mafua, mama," Ausi akamwambia.

Lakini aliyemkosesha usingizi ni Bi Mwamina. Popote nyoka alipogonga, bibi alifika kwanza. Hana simu, hana baiskeli, na mpaka leo hakuna anayejua anapitia wapi. Akifika anapaka unga wake wa mizizi kwenye jeraha, kisha anachanja chale kwenye viwiko vyote viwili na kusugulia unga humo, ili sumu isipande moyoni. Kiwikoni ndipo hasa Nesi anapochoma sindano.

Nesi aliuliza kwa simu kama damu ya namna ile inafaa. Dk. Evarist akamjibu kwamba mizizi ni mizizi tu, asafishe vizuri kwa spiriti, aendelee. Ndivyo walivyo hawa wanaojibu wakiwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka.

Majibu ya kwanza yaliporudi, daktari alipiga simu huku anahema. Damu za waliogongwa Nang'undi na vijiji vya jirani zilikuwa na shaba isiyo na mfano.

"Nyoka wa namna hii hajawahi kuandikwa popote duniani!" sauti ilipasuka kwenye spika. "Sumu yake inapandisha shaba! Mzee Ausi, friji lako halitasubiri damu mia. Wafadhili wakisikia hili, litakuja msimu huu huu."

Ausi anasema usiku ule alilala kama mtu aliyeshiba.

Daktari akaja mwenyewe na gari, na wakamata nyoka wawili wenye mabuti hadi mapajani. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Daktari akaeleza kwa lugha ya chuo kwamba nyoka wa Nang'undi ana uhusiano wa pekee na shaba. Laiti angekaa kimya.

Wilaya hii ya Ruangwa ni nchi ya machimbo. Mtu wa huku ukimwonyesha jiwe linalong'aa hakuulizi limetoka wapi, anakuuliza nani mwingine ameliona. Hata mkutano haujafungwa, watu walishakata shauri: kama damu ya aliyeumwa ina shaba, basi nyoka ana shaba. Kama nyoka ana shaba, anaipata anapolala. Na nyoka analala shimoni.

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kinachimba mashimo ya nyoka.

Mwenyekiti, ambaye kupeleka barua ya friji wilayani kulimshinda miaka sita, alimaliza kugawa vitalu kabla ya adhuhuri. Shimo la kawaida lilikuwa na bei yake. Shimo lenye gamba la nyoka mlangoni lilikuwa na bei ya juu, kwa sababu lina dalili.

"Nilimkuta jamaa ameingiza mkono mpaka begani," anasimulia Ausi. "Nikamwuliza, bwana, humo una uhakika gani? Akaniambia, nimelipia."

Nyoka nao wana makwao, na aliyevunjiwa nyumba anauma. Wiki ile Ausi na Nesi hawakula chakula cha mchana hata siku moja. Bahati ni kwamba wengi waligongwa na nyoka wadogo, na wengine waliumwa na panya na kuapa kwamba ni nyoka, ili shimo lisishuke bei.

Nyoka mmoja aliyefukuzwa kwenye kitalu cha jirani alikimbilia jikoni kwa Bi Mwamina. Alikuwa kifutu mkubwa, na bibi alimkanyaga akifuata kuni.

Safari hii, kwa mara ya kwanza, pikipiki ilifika kabla ya bibi kupaka dawa, maana mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa amelala mkekani, jasho linamtoka, vidole havishiki.

"Haya chukueni hiyo damu yenu mnayoililia," alimwambia Nesi. "Dawa yangu imeisha, haijatwangwa bado. Wewe mtani, umesimama kama nguzo ya nini? Kinu kile pale. Twanga!"

Nesi akachoma. Ausi akapiga magoti mbele ya kinu kidogo kilichotosha kiganjani, akaanza kuponda mizizi kwa pini ya chuma.

"Hivyo ndivyo unavyotwanga?" bibi akauliza kwa sauti iliyokatika. "Unaibembeleza? Ndiyo maana umekaa na kijiko kimoja."

"Mtani, nyamaza ufe vizuri."

"Nikifa utatwangiwa na nani?"

Ausi akaongeza nguvu. Kinu kikaanza kulia kama kengele. Nesi, aliyekuwa anafunga kichupa, akainua kichwa. Vinu vya Nang'undi ni vya mti, na mti haulii hivyo. Akakichukua na kukigeuza kwenye mwanga. Ndani kilikuwa kimelika na kung'aa kama dhahabu. Akapitisha pamba nyeupe, ikatoka na vumbi linalometameta.

"Bibi, hiki ni kitu gani?"

"Cha babu yangu. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya karanga ya Mwingereza, kule Nachingwea. Mwingereza alipokimbia na hasara zake, kila mtu alibeba alichoweza. Babu alibeba hicho, kilikuwa kwenye tumbo la trekta."

Ilikuwa bushi ya trekta, kibomba kinene cha kuvalia ekseli, kimezibwa chini. Ya shaba.

Nesi na Ausi wakatazamana. Kila punje ya unga aliyosugua Bi Mwamina kwenye viwiko vya watu ilikuwa imebeba kidogo cha trekta lile. Nyoka wa Nang'undi hakuwa na shaba yoyote. Alisingiziwa.

Hawakuwa na muda wa kuzungumza. Bibi aliwekwa katikati, Nesi nyuma akimshikilia, Ausi mbele, na pikipiki ikala njia ya Nachingwea. Dawa ilikuwepo hospitali mjini, na waliifikia kwa wakati. Ausi anakumbuka safari nzima alikuwa anatukanwa mgongoni kwamba anaendesha kama mpanda punda, na kwamba kila tusi lilimpa moyo. Wasiwasi ulimpata palipobaki kilomita chache na matusi yakapungua. Akaongeza mwendo mpaka yakarudi.

Jioni ile, nje ya wodi, Ausi alimvuta Nesi Valentina pembeni. Kinu alikuwa amekificha chini ya gunia.

"Nesi, hiki kitu hatukukiona."

"Baba, huo ni uongo."

"Uongo unamwumiza nani? Nyoka ataenda mahakamani? Ukisema, damu zote za Nang'undi zinatupwa na friji linarudi kwenye ule mchakato wao. Wewe hukuwepo kwenye lile lori."

Nesi akarudi wodini kwa mgonjwa. Ausi akarudi nyumbani na kinu cha bibi, na akakaa nacho siku tatu.

Aliyeharibu mpango ni mwenye mali. Bi Mwamina, akiwa bado anachechemea, alirudi Nang'undi na kusikia kwamba daktari wa Dar es Salaam anazunguka akimsifu nyoka kwa shaba. Nesi alikuwa ameshamweleza habari ya unga. Alimfuata Ausi mpaka mlangoni kwake.

"Leta kinu changu."

"Cha nini, mtani?"

"Shaba ya babu yangu mmempa nyoka sifa? Mimi natibu watu miaka arobaini hakuna aliyeniandika popote, halafu anaandikwa mdudu anayetambaa? Leta, nampelekea daktari mwenyewe."

Ausi anasema hapo utani ulimwishia. Alimwomba kwa jina la Zulfa. Alimweleza habari ya friji, habari ya lori, na ile glasi ya maji baridi.

Bi Mwamina akakaa kizingitini.

"Zulfa nilimpaka mimi," alisema. "Umesahau? Kabla hamjampandisha kwenye lori. Nilimpaka dawa yangu yote, na nilijua haifai. Kwa kifutu mkubwa haifai. Mimi mwenyewe nimepona kwa dawa yangu au kwa ile ya chupa? Unadhani friji unalitaka wewe peke yako?"

Ausi naye akakaa kizingitini.

"Lakini likija kwa jina la nyoka wa uongo," bibi akaendelea, "siku uongo ukijulikana watakuja kulichukua. Hao watu wako wazito kuleta. Kuchukua ni wepesi sana."

Wakaenda wote wawili, kinu katikati yao kama mtoto wanayempeleka kliniki. Dk. Evarist alikigusa, akakigongagonga, akakaa chini. Majibu ya damu ya bibi, iliyochukuliwa kabla ya unga, yalipokuja baadaye, shaba ilikuwa ya kawaida kabisa. Lakini siku ile hakuhitaji mashine.

"Damu zote hizi ni za kutupa," alisema. "Tunaanza upya. Mzee Ausi, samahani. Suala la friji itabidi nilirudishe kwa wafadhili."

Ausi alikuwa ameshasimama kuondoka. Bi Mwamina hakusimama.

"Daktari, mtu akigongwa na nyoka Chinongwe, Narung'ombe au Mbwemkuru, wa kwanza kumwona ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Nikisema asitoe damu, atatoa?"

Daktari akakitazama kinu.

"Basi friji kwanza, damu baadaye. Likija, nitaacha wembe, nitatwangia kwenye mti, na nitamsubiri nesi wako hata kama huyu mtani wangu anaisukuma pikipiki. Lisipokuja, tafuteni nyoka mwingine."

Daktari alieleza habari za bajeti, taratibu na kamati. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kinu chake na kuelekea mlangoni. Alikuwa ameshavuka kizingiti alipoitwa.

Friji lilifika baada ya miezi miwili. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kama vile limetoka mfukoni mwake, kisha akapendekeza likae ofisini kwake kwa usalama. Bi Mwamina akapanda juu ya boksi na kukaa, kanga amejifunga vizuri, mpaka vijana walipolibeba friji na yeye juu yake hadi zahanati.

Damu zimeanza kuhesabiwa upya, na zinazidi kusogea. Nesi Valentina anasema damu safi za mwanzo zinaonyesha zinki inashuka mtu akishaumwa, lakini ni mapema mno kutangaza, na safari hii hakuna mkutano wa hadhara. Mashimo ya nyoka yamefukiwa. Waliolipia vitalu bado wanamtafuta mwenyekiti, ambaye amekuwa mtu wa semina.

Eusebio, yule wa kibanda cha nyasi, alipelekwa zahanati siku ile ile na kuwa wa pili kupewa dawa ya friji lile. Alirudi kwake kabla ufuta haujaisha kupukutishwa.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, Ausi anapita zahanati kutazama taa ya kijani ya friji. Anatazama, anaondoka. Ukimwuliza anaomba nini kwa Mungu, jibu analo tayari.

"Naomba zile chupa ziishe muda wake humo humo ndani," anasema. "Zioze. Kila chupa inayooza ni mtu mmoja ambaye hakuumwa."

Kisha uso unabadilika. Amewakumbuka wakubwa.

"Lakini zikioza zote wakubwa watasema hatukuzihitaji, walichukue friji. Nawajua. Kwa hiyo naomba aumwe walau mmoja kwa mwaka, ili vitabu vyao vikae sawa. Asiwe mkulima, mkulima ana kazi. Awe kiongozi. Nami nitakwenda kumchukua, wala sitamwacha."

Anaivaa kofia yake ngumu na kukaza mkanda kidevuni.

"Ila nitaendesha taratibu. Barabara ni mbovu, na sababu wanaijua wenyewe."